Hangari ya Elisabethville: nyumba ya wasanii ilikuwa ya nani?



Siku hizi nimegeuka mwandishi wa statuti. Si kazi niliyosomea. Nilisomea agronomi, na kwetu ni Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga, mahali ambapo watu wanaishi na samaki, na ukionekana na jembe begani unaulizwa unaenda nalo wapi. Lisansi ya kilimo katika kijiji kisicholima! Mukicheka siwalaumu, mama yangu mwenyewe anachekaka.

Mwezi uliopita vijana fulani wa hapa walinifuata nyumbani. Ni wale wanaoandika namba na majina juu ya mitumbwi. Mmoja anachora marabu kwenye kuta za maduka, wawili wanapiga gita, na msichana mmoja ana daftari nzima ya mchezo wa kuigiza. Wanataka kuanzisha chama cha wasanii. Mkubwa wao akaniambia: «Yaya, wee njo ulisoma. Utuandikie statiti. Nyumba tuko nayo tayari, kuko papa moja anatupa hangari yake, ile alikuwa anawekaka mo nyavu.»

Nikawaambia sawa, lakini munipe siku chache. Sikuwaambia sababu. Sababu ni lile neno, hangari. Hapa kwetu hangari ni kibanda kikubwa tu, paa na nguzo, mahali pa kuweka vitu visinyeshewe. Sisi wa kilimo tunakausha mo tumbaku na mahindi. Lakini katika historia ya sanaa ya Kongo, Hangari ni jina la chama kimoja cha wachoraji ambacho kazi zake leo zinatunzwa katika makumbusho ya Bulaya. Chama chenyewe kiliishi miaka minane. Nataka niwaeleze namna kilizaliwa na namna kilikwisha, juu kila mara ninapofika kwenye kifungu cha statuti kinachosema makao ya chama yako wapi, kalamu inasimama.

Mji ni Lubumbashi, ila wakati ule ulikuwa unaitwa Elisabethville, kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 juu ya shaba. Kampuni ya Union Minière, ile ambayo baadaye ilizaa Gécamines, ilileta wafanyakazi kutoka Katanga yenyewe, Kasai, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya mpaka wa Rodezia. Wakakutana katika makambi, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili, kile cha Katanga ambacho sisi wa Kivu tukikisikia tunacheka kidogo, na wao wakisikia chetu wanacheka zaidi.

Katika mji huo akafika Mfaransa mmoja, Pierre Romain-Desfossés. Alizaliwa Brest mwaka 1887, alikuwa afisa wa jeshi na pia mchoraji. Vita kuu ya pili ndiyo iliyomsukuma upande wetu wa dunia, pamoja na Wafaransa wa de Gaulle. Vita ilipoisha hakurudi kwao. Mwaka 1946, akiwa anakaribia miaka 60, alianzisha Elisabethville karakana ya wachoraji Wakongomani. Jina la heshima lilikuwa refu, Akademia ya sanaa ya watu wa Kongo, lakini watu waliita tu Le Hangar, kwa jina la jengo walimofanyia kazi. Hivyo klabu ikachukua jina la nyumba yake. Kumbukeni hilo, litarudi.

Wa kwanza alikuwa mtu wa nyumbani kwake. Aliitwa Bela, na hata si Mkongomani: alikuwa Msara, kabila la upande wa Chadi, njo maana vitabu vinamwandika Bela Sara. Alikuwa akimtumikia Desfossés. Inasimuliwa kwamba alianza kwa kutumia rangi zilizobaki za bwana wake, na kwa kuwa hakupewa brashi alichora kwa vidole. Bwana alipoona, badala ya kukasirika akamwambia aendelee. Bela aliendelea na vidole hata alipokuwa na uwezo wa kupata brashi. Ukiangalia picha zake unaona alama za ncha za vidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepanda mbegu kwa nafasi ndogo. (Samahani, kazi yangu inanitoka mdomoni.)

Baadaye wakaja vijana wa Katanga. Wawili ndio majina yao yalivuka mipaka. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa 1914, alichora ndege wakilisha watoto wao, samaki, nyoka, mamba, na nyuma yao majani na nukta ndogo ndogo mpaka nafasi yote inajaa, hakuna mahali jicho linapumzika. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa 1925, yeye hakupaka rangi kama ukuta unavyopakwa. Aliweka mistari mifupi, mmoja kando ya mwingine, ya rangi zinazopingana, na watu na wanyama wake wanaonekana kama wamesukwa, kama mkeka. Ukiweka picha tatu mezani, ya Bela, ya Pilipili na ya Mwenze, huhitaji kusoma sahihi. Mtoto wa shule ya msingi atakuambia hizi zimetoka mikono mitatu.

Hiyo haikuwa bahati tu. Desfossés alikuwa na namna yake ya kufundisha, na kwa sehemu kubwa ilikuwa namna ya kutofundisha. Hakuwawekea mbele picha za Bulaya wazinakili. Hakuwapa masomo ya jinsi Wazungu wanavyoonyesha umbali katika picha. Aliwapa rangi, karatasi na paa juu ya kichwa, akawaambia kila mmoja atafute mkono wake na achore kile alichokuwa nacho tayari: pori, wanyama, hadithi za kwao. Na alipiga marufuku kuigana. Kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa. Shule nyingine za kikoloni zilimfundisha Mwafrika kuchora kama Mbelgiji wa daraja la pili. Hapa mtu mmoja alisema hapana, huyu ana kitu chake.

Lakini tusimfanye mtakatifu. Fikra iliyokuwa nyuma ya wema huo ilikuwa na ukuta wake. Desfossés aliamini Mwafrika wa kweli ni yule ambaye Bulaya haijamgusa, na kazi yake yeye Mzungu ilikuwa kumlinda asiguswe. Sasa angalieni mahali walipokuwa. Nje ya Hangari kulikuwa na bomba la kiwanda linalotoa moshi usiku na mchana, treni, baiskeli, baa, makambi ya wafanyakazi. Miaka mitano tu kabla ya Hangari kufunguliwa, Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Elisabethville wakidai mshahara, na askari wakawafyatulia risasi uwanjani, wakafa makumi ya watu. Mji mzima ulijua. Katika picha za Hangari utapata swala, ndege, samaki, wavuvi, wawindaji. Bomba la kiwanda hutalipata, wala ule uwanja.

Mimi sisemi wachoraji hawakuwa na macho. Nasema waliokuwa wananunua ni Wazungu wa mjini na watu wa Bulaya, na aliyekuwa anawalinda alikuwa na wazo lake la kile kinachostahili kuchorwa. Ukiwa ndani ya nyumba ya mtu, kuna mambo huyasemi, hata kama hakuna aliyekukataza. Nani kati yetu hajakaa kwa mjomba wakati wa masomo? Munajua.

Sasa tufike mwaka 1954. Desfossés akafariki hapo hapo Elisabethville. Hangari haikuchomwa, haikufukuzwa na serikali, wachoraji hawakugombana. Mzee alikufa, basi. Na chama kikaisha naye.

Kilichotokea kinaelezeka hivi. Mwaka 1951, mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa amefungua mjini Akademia ya Sanaa, shule kamili yenye walimu, madarasa na ratiba. Kwa miaka mitatu hizo nyumba mbili zilikuwa pamoja katika mji mmoja, na fikra mbili tofauti: huku mtu anatafuta mkono wake mwenyewe, kule anafuata kozi. Mwanzilishi wa Hangari alipokufa, akademia iliipokea Hangari ndani yake. Pilipili na Mwenze wakawa walimu huko. Kwa upande wao hiyo ilikuwa heshima na mkate, na wanafunzi walifaidika. Mode Muntu (1940–1985), ambaye watu wake wembamba kama alama za maandishi wanatambulika mara moja, alisoma katika akademia hiyo. Shule ingaliko Lubumbashi, imebadilisha jina zaidi ya mara moja.

Sisi wa kilimo tunajua kitalu. Miche inakuzwa chini ya kivuli, lakini wiki za mwisho unapunguza kivuli kidogo kidogo ili izoee jua. Usipofanya hivyo, siku ya kuihamisha shambani inaungua. Mwanzoni nilifikiri Hangari ilikuwa ni kitalu ambacho mtunzaji wake hakuondoa kivuli. Halafu nikaona mfano wangu una kasoro: miche ilipona. Mwenze aliishi mpaka 1999, Pilipili mpaka 2007, wote waliendelea kuchora. Kilichokufa ni kitalu chenyewe. Baada ya 1954 hapakuwa tena na mahali ambapo kijana asiye na cheti angeingia na vidole vyake akaambiwa aendelee. Bela Sara wa pili angefika akademia angeulizwa kwanza cheti cha shule.

Na je, picha? Nyingi ziko Tervuren, Ubelgiji, katika makumbusho ya Afrika ya Kati. Nyingine ziko mikononi mwa watu binafsi. Mwaka 2015 Fondation Cartier ya Paris ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, Beauté Congo, kuanzia 1926 mpaka 2015, na wachoraji wa Hangari walikuwa na ukuta wao. Watu walipanga mstari kuingia. Ninafurahi, kweli. Ila mwanafunzi wa Goma mwenye kutaka kuona Pilipili kwa macho yake anahitaji viza.

Nyumba ilipoisha, kile ambacho Hangari haikuchora kilichorwa nje, barabarani. Miaka ya 1970, Lubumbashi hiyo hiyo, kulikuwa na Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa 1947. Hakuwa na klabu wala paa. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga na kuuza kwa watu wa mji, wapate kutundika sebuleni. Alipokutana na mwalimu wa chuo kikuu, Johannes Fabian, alimchorea historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia moja, na kuieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian akatoa kitabu mwaka 1996. Humo muna mgomo wa 1941, muna Lumumba, muna vita ya Katanga. Lakini mtu asiye na nyumba hana pia mtu wa kumtafuta: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba alipotea, na mpaka leo hakuna anayejua mwisho wake. Njo maana siwezi kusema kirahisi kwamba barabara ni bora kuliko hangari.

Nilipofika hapo nikajiuliza kama kwingine waliweza kufanya vizuri zaidi. Kuna mifano miwili katika lugha yetu hii hii, mmoja Nairobi, mwingine Zanzibar, na yote miwili ina zaidi ya miaka minane.

Wa Nairobi ni Paa ya Paa. Jina ni mchezo wa maneno: paa ni yule mnyama, na kupaa ni kwenda juu. Kilianzishwa 1965, katikati ya mji, na kundi la marafiki: mchoraji Elimo Njau, mwenyeji wa Marangu chini ya Kilimanjaro aliyesoma Makerere, mwandishi Rebeka Njau, Jonathan Kariara, Terry Hirst, Hilary Ng'weno, Pheroze Nowrojee, James Kangwana. Tofauti na Hangari munaiona mara moja: wako wengi, na wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki wenyewe. Hapakuwa na mlinzi anayewaambia Uafrika ni nini. Baadaye kituo kilihamia nje kidogo ya mji, Ridgeways, njia ya Kiambu, kwenye uwanja wenye miti. Kwa miaka mingi kazi ya kukishikilia ilibaki hasa kwa Elimo Njau na mke wake Phillda. Mwaka 1997 moto ukala jengo, na picha na vitabu vya miaka thelathini vikaenda. Angalieni hapa: Hangari ilipoteza mtu mmoja ikaisha. Paa ya Paa ilipoteza karibu kila kitu chenye kushikika, na bado walibaki pale, wakajenga tena kidogo kidogo, wakiwa na vipande vya mabaki ya moto uwanjani. Walikuwa na uwanja wao.

Wa Zanzibar ni wa zamani zaidi na si wa wachoraji, ni wa muziki. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905 na vijana wa mjini waliopenda taarabu, muziki ambao ulikuwa umeingia kupitia jumba la Sultani Barghash. Yeye ndiye aliyemtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kanuni, yaani kile chombo cha nyuzi nyingi. Jina walilichukua kwa wanafalsafa wa Basra wa zaidi ya miaka elfu iliyopita, ndugu wasafi wa moyo. Hawakuwa watumishi wa jumba. Walikuwa klabu: wanachama, viongozi, vyombo vya pamoja, nyumba ya kukutania. Baada ya Mapinduzi ya 1964 siasa iliingia mpaka ndani ya klabu za muziki, na hata jina likasogezwa pembeni, wengi wakaiita Malindi. Lakini jina la 1905 lilirudi, na klabu inapiga mpaka leo. Walioianzisha wamekufa wote, na watoto wao karibu wote. Hakuna hata mmoja ambaye kifo chake kilifunga mlango.

Kwa hiyo ni nini kilichokosekana Elisabethville? Si kipaji, wala wanunuzi. Ni kwamba Pilipili, Mwenze na Bela hawakuwa wanachama wa kitu. Walikuwa wanafunzi wa mtu. Na tusisahau sheria ya wakati ule: Mkongomani chini ya ukoloni hakuwa na njia rahisi ya kuunda chama chake chenye mali na jina lake. Hata kama Mwenze angetaka kushika ufunguo, ni ofisi gani ya Elisabethville ya 1954 ingeandika jengo kwa jina la wachoraji Weusi? Hivyo lawama zote nisizibebeshe Desfossés. Lakini sisi wa leo hatuna kisingizio hicho.

Lubumbashi wenyewe wamejifunza. Mwaka 2008 vijana wa huko, kati yao mpiga picha Sammy Baloji na mwandishi Patrick Mudekereza, waliunda Picha, chama cha wasanii kisicho cha faida, na ndicho kinachoandaa ile biennale ya Lubumbashi. Jina la Kiswahili, na uongozi unaoweza kubadilishwa. Huku kwetu, Goma, kila mmoja wenu aliyepita Yole!Africa kujifunza kamera, au Foyer Culturel kujifunza gita, anajua mwenyewe tofauti kati ya kuwa na mahali na kutokuwa na mahali.

Mimi niliijua kwa njia mbaya. Nilipokuwa chuoni tulikuwa na kundi dogo la mchezo wa kuigiza. Tulifanyia mazoezi katika nyumba ya mzee mmoja mwenye moyo mwema, na vyombo vyetu, ngoma tatu na spika moja tuliyoinunua kwa makuta yetu, tuliviacha kwake. Siku moja mzee akauza parseli. Mnunuzi alitukuta mlangoni, akatuuliza karatasi inayoonyesha vitu ni vyetu iko wapi. Hatukuwa nayo. Alikuwa mpole kabisa, hata alitupa maji ya kunywa. Ngoma zilibaki ndani. Kundi halikufika mwisho wa muhula.

Sasa turudi Vitshumbi, kwa vijana wangu. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayosimamia ASBL. Inadai statuti iseme makao yako wapi na mali itaenda wapi chama kikivunjwa. Chama kikipata utambulisho wa kisheria kutoka kwa waziri wa sheria, kinakuwa kama mtu: kinaweza kumiliki, kinaweza kushtaki, kinaweza kushtakiwa. Kwa hiyo ngoma na rangi zitaandikwa kwa jina la chama, kitu kimoja kimoja, katika daftari la mali. Hilo nimekwisha liandika. Ni rahisi, na nimewaambia waanze hata kabla ya makaratasi ya Kinshasa.

Nyumba ndiyo shida. Nilimwendea yule papa wa hangari ya nyavu. Ni mtu mzuri, nampa heshima yote. Nikamwomba aandike barua kwamba anawapa vijana matumizi kwa miaka kumi, na kwamba watoto wake wamekubali na watatia sahihi. Akanyamaza kidogo, akasema: «Mutoto yangu, miye siko nakufa kesho.» Nikamjibu: «Hapana papa, munisamehe, sisemi vile.» Tukaongea samaki, bei ya tilapia, injini ya mtumbwi iliyoharibika. Nilipoinuka kuaga akaniuliza kama watoto wake wote saba lazima watie sahihi, ao wakubwa tu. Hapo nikajua barua itakuja.

Lakini kuna ngazi nyingine juu ya papa. Tangu sheria ya 1973 udongo wote wa nchi ni wa Serikali, na anayetaka haki ya kudumu anahitaji cheti cha usajili. Na Vitshumbi iko ndani ya hifadhi iliyoanzishwa 1925, ambamo uvuvi unaruhusiwa kwa mpango maalumu na mengi mengine hayaruhusiwi. Sasa papa ana nguzo, ana mabati, ana miaka arobaini pale. Udongo chini ya nguzo je?

Wale wa Droit munaosoma hapa, hasa wenye mulifanya kitabu cha kumaliza masomo juu ya sheria ya udongo, ninawaomba munisaidie kwa jambo moja: katika kijiji cha wavuvi kilicho ndani ya hifadhi, chama kinaweza kuandika makao yake kwa mkataba wa matumizi peke yake, bila cheti? Na kama mabati na nguzo ni mali inayohamishika, tuziandike katika daftari la mali pamoja na ngoma? Vijana wanakuja Jumamosi mchana, wakitoka ziwani. Wamekwisha paka ukuta mmoja rangi ya buluu. Niliwaambia wangoje, hawakungoja.